Somo la Kikundi: Mtoto Wetu Akienda Kusomea Fizikia



Katika kikundi kimoja tunachokitembelea, sehemu kavu ya Ukambani, mkutano mmoja uliendelea mpaka jua likazama. Binti wa mwanachama, mama mjane, alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea shahada ya sayansi katika fizikia. Barua ya kujiunga ilikuwa pale mezani. Mama aliomba asaidiwe nauli, malazi na karo ya muhula wa kwanza. Mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi sana akasimama. "Mwanangu, mimi daktari namjua, mwalimu namjua, hata injinia namjua. Wewe ukimaliza hiyo fizikia, utarudi hapa kufanya kazi gani?" Watu wakacheka. Binti akasema, "Babu, hata mimi bado sijui vizuri," akainamisha kichwa.

Tuliondoka pale tukiwa tumeona haya, kwa sababu hata sisi hatukuwa na jibu. Tumekuwa tukiulizauliza tangu siku ile, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na kisima, maana kikundi hicho hicho kilipoteza akiba ya miaka mitatu kwa kisima. Alikuja mtu na kijiti cha mti, akazunguka shambani, kijiti kikainama, akasema chimbeni hapa. Walichimba mpaka pesa zikaisha, wakapata vumbi tupu. Kumbe iko njia ya kupima. Mpimaji hupigilia vyuma vinne ardhini kwa mstari mmoja. Vile viwili vya nje hupitisha umeme, vile viwili vya ndani hupima volti. Akigawanya volti kwa mkondo wa umeme anajua ardhi inapinga umeme kiasi gani. Mwamba mkavu hupinga sana, mwamba wenye maji hupinga kidogo. Akitaka kujua ya chini zaidi, anavitenganisha vile vyuma vya nje mbali zaidi. Lakini angalieni: udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri, na maji ya chumvi pia. Kwa hivyo kipimo peke yake hakitoshi, lazima awepo mtu wa kukisoma. Hiyo ni fizikia ya ardhi, na hesabu yake ya kwanza ni ile ile ya volti na mkondo inayofundishwa shule ya sekondari. Siku hizi hata kibali cha kuchimba kisima kirefu hutaka ripoti ya mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi.

Sasa, chuoni wanasoma nini kwa miaka minne? Mwaka wa kwanza ni mwendo na nguvu, joto, mawimbi na nuru, umeme na sumaku, pamoja na hisabati nyingi sana. Baadaye huingia elektroniki, mambo ya ndani ya atomu, na nadharia ngumu ambazo hatutajifanya tunazielewa. Mwaka wa nne mwanafunzi hufanya utafiti wake mdogo na kuuandikia ripoti.

Hiyo hisabati ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaiita kalkulasi, na ni hesabu ya vitu vinavyobadilika. Hebu chukueni mfano wa tangi lililo wima, lenye lita 1,000, na bomba chini kabisa. Mnafungua bomba, mtungi wa lita 20 unajaa kwa dakika moja. Kwa hesabu ya kawaida mtasema mitungi 50, dakika 50, tangi litakuwa tupu. Jaribuni muone! Maji yakipungua tangini, msukumo nao unapungua, na mtungi wa mwisho unachukua muda mrefu kuliko wa kwanza. Tangi lote litachukua karibu mara mbili ya muda mliodhani, kama dakika 100. Kuzidisha peke yake kumewadanganya, kalkulasi haidanganyiki.

Kazi nyingine kubwa ni maabara. Fanyeni hili kikundini: fungeni jiwe kwa kamba ya mita 1, mlining'inize, mlisukume kidogo. Litakwenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Mkipima mara moja tu, kidole kikichelewa kubonyeza saa, mmekosea. Mkihesabu mara 20 na kugawanya, kosa linakuwa dogo. Mwanafunzi wa fizikia hushinda saa nyingi akifanya kazi ya namna hii, na anatakiwa aandike si jibu tu, bali pia anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani. Tungependa watunza hazina wengine wapelekwe maabara hiyo kwa muhula mmoja.

Turudi kwa yule binti. Kikundi kilikubali, kila mtu akatoa chake, hata mzee alitoa mbuzi. Muhula wa pili binti akaanguka hisabati. Alikuwa amezoea kuongoza darasa, na sekondari alipewa kanuni akaingiza namba. Chuoni wanauliza kanuni yenyewe imetoka wapi. Hakumwambia mama yake. Alitaka kuacha masomo kimyakimya, atafute kazi ya duka mjini, kwa sababu, alituambia baadaye, "nilikuwa nawaona wale waliochanga, mmoja mmoja." Hapo tuliona ya kwamba mchango wetu umekuwa mzigo kichwani mwa mtoto. Mtihani wa kurudia upo, wanafunzi wenyewe huuita sapu, na si aibu. Aliufanya akapita, baada ya kujiunga na wenzake wanne waliosoma pamoja kila jioni. Sisi wa vikundi tungepaswa kumwambia hilo mapema: fizikia haisomwi peke yako.

Kuhusu kazi tuseme ukweli. Tangazo la gazeti linalosema "mwanafizikia anatakiwa" ni nadra kulipata. Wahitimu huenda kwenye hali ya hewa, vipimo na viwango, umeme wa jua, kompyuta, na umeme wa mvuke kama ule wa Olkaria, ambapo mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi zinahitaji mtu wa kupima kiasi cha mionzi, ila kwa hiyo lazima asome zaidi ya shahada ya kwanza. Shahada hii haimfanyi mtu kuwa injinia wa kusajiliwa. Uinjinia ni kozi nyingine ya miaka mitano. Na anayetaka kufundisha afadhali aombe shahada ya ualimu wa sayansi tangu mwanzo, la sivyo itambidi aongeze diploma ya ualimu ndipo aandikishwe na TSC. Jambo hili wazazi wengi hulijua wakati wamechelewa.

Msiseme fizikia ni ya watu wa mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Na Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kijijini huko Njoro, alipata tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019.

Pesa nazo. Mkopo wa HELB hulipwa baadaye kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, basi mtoto aombe mapema. Mwaka 2023 serikali ilibadilisha mpango wa kugharamia wanafunzi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango huo ulikwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo msipange kwa kufuata alicholipa mtoto wa jirani; someni barua ya mtoto wenu. Na kwa wale wa mtaala mpya, uchaguzi unafanywa mapema, wakati wa kuingia gredi ya 10. Asiyechukua fizikia wakati huo atapata taabu kuirudia.

Binti sasa yuko mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alimwonyesha yule mzee vile vyuma vinne kwa kuchora mchangani. Mzee aliuliza swali moja tu: vyuma hivyo ni bei gani.

Ya kujadiliana: Kikundi chenu kimewahi kulipia kazi bila kupimiwa kwanza? Mtoto mnayemsomesha akianguka mtihani, atamwambia nani kati yenu? Na ni nani atakayekwenda shuleni kuuliza kama maabara ina vifaa?