Aliyeacha Pombe, Afiche au Aseme?



Juzi baada ya kuhesabu pesa za mzunguko, mama mmoja alinivuta kando. Kijana wake yuko Marekani, amekuwa raia wa huko, na amepata kazi inayotaka kibali cha usalama cha serikali, yaani ruhusa ya kuona mambo ya siri. Shida ni kwamba miaka minne iliyopita alishikwa akiendesha gari akiwa amelewa, akashtakiwa, akapelekwa kwa matibabu. "Nimemwambia anyamaze," mama akasema. "Nani atajua?"

Nikamwambia, mama, mpigie simu leo hii!

Fomu ya kibali hicho, iitwayo SF-86, inauliza waziwazi. Je, katika miaka 7 iliyopita pombe imeharibu kazi yako, uhusiano wako na watu, au pesa zako? Umewahi kuamriwa au kushauriwa kutafuta matibabu? Umewahi kushtakiwa kwa kosa la pombe? Hilo la kushtakiwa halina mipaka ya miaka. Kisha wapelelezi hutazama rekodi za polisi, na huongea na waajiri na hata majirani. Kwa hivyo watajua. Na kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Kijana angeponea pombe, aangukie uongo.

Jambo ambalo mama hakulijua ni hili: pombe ya zamani haimfungii mtu mlango moja kwa moja. Tangu Juni 2017 maofisa hufuata miongozo 13, na mmoja ni wa pombe. Wanaogopa kwamba mlevi huropoka na kukosa busara. (Hapo hata sisi tunakubali, tumesikia mambo mangapi karibu na chang'aa?) Lakini mwongozo huohuo unawaambia wapime upande wa pili. Muda gani umepita? Anakiri kwamba alikuwa na shida, ama bado anasema "nilikunywa kidogo tu"? Alimaliza matibabu? Anaishi sasa kama alivyoshauriwa na wanaomtibu? Hakuna idadi ya miezi iliyowekwa. Hata aliye bado kwenye matibabu anaweza kufikiriwa, mradi anaendelea vizuri na hajawahi kutibiwa halafu akarudia. Aliyerudia ana mlima mkubwa zaidi.

Basi kijana akusanye ushahidi: barua ya aliyemtibu, karatasi za korti kuonyesha alimaliza adhabu, barua ya mwajiri, na ya watu wanaomwona kila siku. Akikataliwa, huandikiwa sababu, naye ana haki ya kuzijibu.

Katika kazi yangu nimekaa na walevi wengi. Wale waliopona, karibu wote walianza siku waliyosema mbele ya mtu mwingine. Mara nyingi anayezuia ni familia, kwa aibu. Nilimwambia mama hivyo, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsaidie kununua kadi ya simu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Mwanachama aliyeacha pombe akiomba kuwa mweka hazina, tutamwuliza nini?
2. Tutataka kuona nini, na kwa muda gani?
3. Ni nani kati yetu anaficha mlevi nyumbani, na anaogopa nini?