EWURA na Serikali: Nani Anapanga Bei ya Umeme?

Wanachuo wenzangu, kwenye mtihani tunaandika kwamba mdhibiti wa nishati "yuko huru", tunapata maksi, basi. Ila hebu tujiulize: huru kutoka kwa nani?

Tuchukue kisa kilichofika hadi kwetu Kagera. Mwaka 2016 TANESCO iliomba bei ya umeme ipande kwa zaidi ya asilimia 18. EWURA ikasikiliza wadau, ikapiga hesabu, ikaruhusu wastani wa asilimia 8.5 tu kuanzia 1 Januari 2017. Kabla bei hiyo haijaanza, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akaisitisha. Siku ya mwaka mpya Rais Magufuli alikuwa Bukoba, ambako watu walikuwa bado wanahangaika na nyumba zilizobomolewa na tetemeko la Septemba 2016. Akalipinga ongezeko hilo hadharani. Siku hiyohiyo Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba, akaondolewa.

Mwenye mashine ya kusaga pale Kamachumu angeshangilia, na ana haki. Lakini gharama ya kuzalisha umeme haifutwi kwa tamko. Shirika linabaki na madeni, na mwishowe yule yule wa mashine analipa kwa njia nyingine: kodi, umeme kukatika, au nguzo anayoisubiri mwaka mzima.

Ugumu ni kwamba serikali imevaa kofia tatu. Ni mmiliki wa TANESCO, Rais ndiye anayemteua mwenyekiti wa bodi ya EWURA, halafu wanasiasa wanahitaji kura. Ndiyo maana Sheria ya EWURA ya 2001 ikaweka mtu wa kati. Asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani, na huko hoja zinasikilizwa pande zote.

Je, serikali ikae kimya? Hapana. Imechaguliwa, na sera ni kazi yake. Ikitaka mnyonge alipe kidogo, iweke ruzuku kwenye bajeti, Bunge liione na kuijadili. Hapo EWURA itapiga hesabu ikijua pengo linazibwa na nani.

Swali la kujadili bwenini: kama asilimia 8.5 ilikuwa kubwa mno, nani alipaswa kuthibitisha hivyo, na mbele ya nani?