MAMA ANAPOOMBA KAZI
Somo kwa kamati za usharika, kutoka maisha ya Salme binti Said



Katika toleo hili tunawaletea somo la kujifunza pamoja katika kamati za usharika, vikundi vya wanawake na mikutano ya wazee wa kanisa. Linatosha kwa kikao cha saa moja na nusu, pamoja na majadiliano. Wahisani wetu nao tunawaomba walisome hadi mwisho, kwa kuwa kuna sehemu inayowahusu.

Lengo la somo: Kutusaidia kutofautisha kati ya mama anayeomba msaada na mama anayeomba kazi, na kumjibu huyu wa pili kwa haki.

1. Kilichotusukuma

Tulikuwa katika ziara ya ufuatiliaji wa miradi wilayani Serengeti. Katika usharika mmoja, ambao jina lake tunalihifadhi, mama mjane mwenye watoto wanne alimfuata mjumbe wa kamati baada ya ibada. Wawili hao walisoma darasa moja, walichota maji kisima kimoja, na mmoja alikuwa msimamizi wa mwenzake siku ya ndoa. Mjane alimwambia: "Dada, sikuja kuomba unga. Nimekuja kuomba kazi."

Mjumbe alimwonea huruma sana. Siku ya pili alimpelekea debe la mahindi na kitenge. Mwezi uliofuata tulikuwa na semina ya siku tatu katika usharika huo, na yule mama akaitwa kusaidia jikoni. Aliwasha moto saa kumi alfajiri, akapika uji, ugali na maharage, akaosha sufuria mpaka usiku. Mwisho wa semina alipewa chakula kilichobaki na maneno mazuri ya shukrani. Sisi tuliokuja na bahasha za posho za washiriki tulikula ugali wake tukashiba. Tulipoandika ripoti, kazi yake tuliiweka katika safu ya "mchango wa jamii".

Tulipokuwa tukipakia vifaa kwenye gari alitufuata. Hakulalamika. Aliuliza tu semina nyingine itakuwa lini, na kama hiyo nayo itakuwa ya kujitolea.

Hatukuwa na jibu. Somo hili ni jaribio letu la kujibu, na tumeona vema kuanzia mbali kidogo, kwa mama mwingine aliyeishi katika karne ya 19. Tofauti yake na mama zetu ni kubwa, kwa kuwa yeye alizaliwa katika jumba la mtawala. Lakini shida iliyompata haikujali jumba.

2. Salme binti Said

Salme alizaliwa mwaka 1844 Mtoni, kisiwani Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, aliletwa Unguja akiwa mtumwa kutoka nchi ya Circassia. Baba alifariki mwaka 1856, na mama mwaka 1859, Salme akiwa na umri wa miaka 15 tu.

Katika jumba lile wasichana walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri. Alinakili herufi za Kurani akitumia mfupa wa bega la ngamia badala ya karatasi. Ujuzi huo ulimletea kazi yake ya kwanza, nayo ilikuwa ya hatari. Mwaka huo huo wa 1859 kaka yake Barghash alipanga kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala. Salme ndiye aliyemwandikia barua za siri. Mpango ule ulishindwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni India.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Alikwenda Aden, na huko tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Kisha walihamia Hamburg. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki akiwa mchanga, lakini Hamburg walijaliwa watoto watatu. Mwezi Agosti 1870 mume alipata ajali ya tramu na kufariki. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na miezi michache. Mama mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka 26, tena ugenini, katika lugha ya watu.

Hapo ndipo hadithi yake inapofanana na ya kwetu. Urithi wake Unguja ulizuiliwa. Huko Hamburg nako sheria za wakati ule hazikumruhusu mjane kusimamia peke yake mambo ya mali ya familia, bali wanaume waliwekwa kuyaangalia. Alihama mji hadi mji akitafuta maisha ya gharama nafuu, akapita Dresden, Rudolstadt na Berlin.

3. Wale aliowategemea

Tuangalie alivyojibiwa na watu ambao aliwatumainia.

Wa kwanza ni Barghash. Huyu alitawala Zanzibar tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Mwaka 1875 alitembelea London, na Salme alisafiri kwenda huko akitarajia kuonana naye. Sir Bartle Frere, ambaye mwaka 1873 alikuwa ametumwa Zanzibar kudai mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, alimshauri aache kumfuata kaka yake, na kwa malipo yake watoto wangeangaliwa na serikali ya Uingereza. Salme alikubali na kujizuia. Baadaye aliambiwa kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo ahadi ile haikutimizwa.

Mwaka 1885 alirudi Unguja na watoto wake pamoja na meli za kivita za Ujerumani, wakati serikali hiyo ikitafuta makoloni. Aliona nyumba alikokulia, lakini Barghash hakumpokea. Alijaribu tena mwaka 1888, na matokeo yakawa yale yale. Ndugu zake walikuwa na sababu zao. Aliondoka kinyume cha mila, akabadili dini, na sasa alifika akisindikizwa na mizinga ya wageni. Hata hivyo, ni kweli kwamba aliyemwandikia Barghash barua usiku, kwa hatari ya maisha yake, hakupata hata nafasi ya kusikilizwa.

Kilichomlisha ni kile alichojifunza juu ya mfupa wa ngamia. Alifundisha Wajerumani lugha ya Kiarabu kwa malipo. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, zikachapishwa Berlin mwaka 1886, na baadaye zikatafsiriwa katika Kiingereza. Aliacha pia maandishi mengine, yaliyowekwa kama barua kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, akisimulia upweke, baridi na upungufu wa fedha katika nchi ya ugeni. Aliwakuza watoto wote watatu. Alifariki Jena mwaka 1924.

Hatumfanyi mtakatifu. Alikulia katika utajiri uliotokana na watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa. Tunachojifunza kwake ni jambo moja: huruma ya wakubwa na ahadi za mdomo hazikumfaa kitu. Ujuzi wake, pale ulipolipwa, ulimfaa.

4. Neno la Mungu linatuelekeza wapi?

Someni pamoja Ruthu sura ya 2. Ruthu hakukaa nyumbani kusubiri kuletewa. Aliomba ruhusa akaenda kuokota masazo shambani. Boazi, aliyekuwa jamaa wa mume wa Naomi, hakumpa shayiri mkononi na kumrudisha. Alimwachia afanye kazi, akawakataza vijana wasimsumbue, akaagiza masuke yaachwe kwa makusudi. Jioni Ruthu alirudi na efa nzima ya jasho lake. Heshima yake ilibaki.

Someni pia 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alimlilia Elisha kwa sababu mdai alitaka kuwachukua watoto wake. Nabii alimuuliza ana kitu gani nyumbani. Muujiza ulianzia katika chupa ya mafuta aliyokuwa nayo, na alilipa deni kwa kuuza.

Mwisho, Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Pale Mungu anaagiza kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kuzama, kwa kuwa anautegemea ujira huo. Andiko halisemi kwamba akiwa rafiki yako anaweza kungoja.

5. Hali yetu Tarime na Serengeti

Kwa mila nyingi za huku, mume akifa mjane hutazamiwa kukaa chini ya ukoo wa mume, na habari za ng'ombe na shamba huzungumzwa na wanaume. Wapo wajane wanaolima ulezi, mihogo na mahindi katika ardhi wanayoambiwa kila mwaka kwamba si yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimnyima mjane urithi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua, katika shauri la wajane 2 wa Tanzania, kwamba sheria hizo zilivunja haki zao. Kamati zetu zijue haya, maana kumpa mama kibarua huku tukinyamaza anaponyang'anywa shamba ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Lakini tusiseme mila tu. Sisi wenyewe katika usharika tuna kazi nyingi: kupika kwenye semina, kushona sare za kwaya, kufua vitambaa vya madhabahu, kupalilia shamba la usharika, kuchota maji ya ujenzi. Fundi seremala akija tunapatana naye bei kabla hajashusha msumeno. Mama mjane akija tunamwita "mama yetu", kisha hatupatani naye chochote. Upendo wetu unageuka kuwa njia ya kupunguza gharama.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tumsikilize. Akisema kazi, tusimjibu unga. Kama watoto wana njaa leo, unga utolewe kupitia diakonia, lakini ombi la kazi libaki mezani mpaka lijibiwe.

Pili, tuulize anajua nini, kama Elisha alivyouliza. Kamati iwe na daftari la ujuzi wa wajane na akina mama wenye shida: nani anashona, nani anafinyanga, nani anajua hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa.

Tatu, tupatane ujira kabla ya kazi, tuuandike, na tulipe siku hiyo hiyo. Mjumbe aliye rafiki yake asipange bei peke yake. Wajumbe wawili wengine wawepo, ili urafiki usimpandishe wala kumshusha.

Nne, kujitolea kuwe kwa hiari kweli. Wote tuliomo kwenye kikao tukijitolea, naye ajitolee. Kama sisi tunapokea posho, naye apokee ujira.

Kwa wahisani wetu: tunashukuru kwa ukarimu wenu. Mnapodai "mchango wa jamii" katika bajeti, mara nyingi sehemu yake inatoka katika mikono ya wanawake maskini kuliko wote kijijini, nasi tumekuwa tukiijumlisha bila kuwauliza. Tunaomba mturuhusu kuweka fungu la ujira wa wapishi na vibarua katika kila mradi, na mtuulize kwa majina ya kazi, si kwa jumla, nani alijitolea nini.

Maswali ya majadiliano

1. Katika miezi 6 iliyopita, ni nani aliyekuja kwetu kuomba kazi? Tulimpa nini?
2. Kazi zipi za usharika hufanywa bure na akina mama, na zipi hulipwa kwa wanaume? Kwa nini?
3. Boazi alifanya nini ambacho mjumbe wa kamati katika sehemu ya 1 hakufanya? Na sisi wageni wa semina?
4. Je, kuna mjane katika mtaa wetu ambaye shamba lake lina mgogoro? Nani atafuatana naye kwenye baraza la kijiji?

Hitimisho

Yule mama wa Serengeti tumemlipa siku zake 3, tukiwa tumechelewa, na tumemwomba radhi mbele ya kamati. Alihesabu fedha, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema atanunua madaftari. Kisha akauliza tena semina nyingine ni lini. Safari hii tulimpa tarehe, na tukapatana naye bei.

Mungu awabariki mnapolitafakari Neno lake na kulitenda.