Kuita Teksi kwa Simu Ugenini

Wazee wetu husema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Popote asimamapo huonekana. Maana ya methali hii niliitambua mwezi wa Juni mwaka jana, nilipomsindikiza mama yangu kwenda Mumbai, India, kutibiwa moyo. Kwa kuwa wengi wetu huenda tukasafiri ng'ambo siku moja kwa matibabu, masomo au biashara, nimeona vema niwaeleze wasomaji jinsi ya kuita teksi kwa programu ya simu kutoka uwanja wa ndege.

Kwanza, tengeneza mambo ungali nyumbani. Programu moja haitumiki kila nchi. Uber, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2009, hufanya kazi India, na huko iko pia Ola. Lakini katika Singapore na Malaysia, Uber iliiuzia Grab kazi yake mwaka 2018. Basi mwenye Uber peke yake akifika huko hapati gari. Jiandikishe kabla ya safari, kwa sababu programu hutuma tarakimu za siri katika simu yako ili kuihakikisha namba, na huenda laini ya nyumbani isipokee ujumbe ugenini. Iulize na benki kama kadi yako yaweza kulipa nchi za nje.

Pili, programu bila intaneti ni kama taa bila mafuta. Viwanja vingi vina intaneti ya bure ndani ya jengo, lakini ukitoka nje hukatika. Kwa hiyo chukua kwanza mizigo yako, ndipo uite gari. Itazame nauli kabla ya kukubali, kwani hupanda wakati watu wanaotaka magari ni wengi. Kisha andika katika karatasi namba ya gari na jina la dereva.

Tatu, jua mahali pa kupandia. Magari haya hayaruhusiwi kusimama popote. Mathalani, katika uwanja wa Los Angeles, tangu Oktoba 2019 abiria wanaofika huyapandia katika kituo maalumu, wala si mlangoni. Fuata vibao na maelezo ya programu.

Nne, na hili ndilo kubwa, litambue gari lako. Sisi tulipotoka nje mvua ilikuwa ikinyesha sana. Mtu mmoja nadhifu akatujia, akaniuliza kwa Kiingereza kama tumeita gari. Nami kwa ujinga wangu nikamtajia jina la mama. Akasema, "Ndiyo, ni mimi," akaushika mkoba wetu. Mkoba huo ulikuwa na vyeti vya daktari na fedha zote za matibabu.

Mama, ingawa alikuwa akihema, hakuuachia. Akaniambia, "Mwanangu, soma karatasi yako."

Nikatazama. Gari letu lilikuwa na namba inayoanza na MH, yaani jimbo la Maharashtra, na gari lake pia. Lakini tarakimu zilizofuata hazikulingana hata kidogo. Tena kibao chake kilikuwa cheupe, na huko magari ya abiria huwa na kibao cha manjano chenye herufi nyeusi, au cha kijani yakiwa ya umeme. Nilipomwambia ataje jina la dereva tuliyemwita, aligeuka akaenda zake bila kuaga.

Dereva wetu alikuwa akitungoja mahali palipoonyeshwa. Yeye hakutufuata, sisi ndio tuliomwendea. Alilitaja jina la mama kabla hatujasema neno, akaomba tarakimu nne zilizokuwa katika simu yetu, na bila hizo safari isingaliweza kuanza.

Basi, ndugu zangu, shikeni haya: usimtajie mtu jina lako, mwache alitaje yeye, usitoe tarakimu zako mpaka umeihakiki namba ya gari, na safari ikianza, wapelekee jamaa zako habari zake kwa programu hiyo hiyo.

Mama alitibiwa, na sasa yuko nyumbani, analima bustani yake. Nikikumbuka mkono wake ulivyoushika mkoba ule, naona haya kwamba mimi niliyesoma ndiye niliyekuwa karibu kudanganywa. Kuku mweupe hawezi kubadili manyoya yake, lakini aweza kufumbua macho.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne