Sauti Huanzia kwenye Injini: Maswali ya Ekzosi kutoka Diani hadi Msambweni

Wikendi zikifika, magari yenye sauti nzito huteremka Diani, na Jumatatu mafundi wa Ukunda hupata wateja wanaotaka gari lao nalo lingurume vile vile. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Majibu ni ya mtu anayekata na kuchomelea mabomba, si ya muuzaji wa vipuri.

Fundi, nimeona Mustang barabara ya ufuoni nikaipenda sauti yake. Mimi nina Mark X. Ukinifungia sailensa kama ile, italia vile?

Haitalia, hata tukiing'oa sailensa ya Mustang yenyewe tukaihamishia kwako. Sauti ni mapigo ya moshi unaotoka kwenye silinda, na sailensa huchuja tu kile ilichopewa. V8 ya Kimarekani ina krenkishafti iliyopangwa msalaba, kwa hiyo kila upande wa injini hutoa mapigo yasiyolingana: mawili yanafuatana upesi, kisha pengo. Ule mgurumo wa kusitasita unaoupenda unatoka hapo. V6 yako mapigo yake yamepangika vizuri, na ukiifungua sana inalia juu kama nzumari. Ifungie sailensa itakayoipa uzito kidogo, uipende kwa ilivyo.

Kama bado una hamu na V8, kumbuka Kenya inataka usukani wa kulia na gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Dodge Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Mustang ilianza kuundwa hivyo kwa toleo la 2015. Lakini fungua boneti kabla ya kulipa, maana si kila Mustang ni V8. Iko ya silinda nne, lita 2.3 yenye turbo, na wengi wameijua baada ya pesa kutoka mkononi. Ukiipata V8 kweli, jambo la kwanza la kuchagua ni kiungo cha mabomba mawili katikati. Kikiwa na umbo la H sauti hubaki nzito na ya kizamani. Kikiwa X huwa laini na kali zaidi.

Forester ya jirani inadunda, Legacy yangu haidundi. Zote ni Subaru, zote zina turbo. Shida ni nini?

Hakuna shida. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, Wakenya wengi wanaamini mdundo ule ni haki ya kila Subaru. Ukweli ni kwamba unatokana na mabomba ya manifoldi yasiyo na urefu sawa: moshi wa upande mmoja wa injini husafiri mbali zaidi kabla ya kufika kwenye turbo, mapigo yanafika kwa kupishana vibaya, nawe unasikia "dugu-dugu". Legacy za turbo za kuanzia 2003 zilipewa mabomba ya urefu sawa, na turbo ikafurahi. Wapo wanaobadilisha manifoldi ili waupate mdundo. Wanapoteza mwitikio wa turbo ili kununua kelele. Mimi singefanya, lakini gari ni lako.

Nilikatiwa sailensa, wakaunganisha bomba tupu. Mjini ni tamu, lakini nikitoka Likoni kwenda Msambweni kichwa kinauma. Kwa nini?

Hiyo tunaiita kuvuma. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, mizunguko 2,500 kwa dakika, ni mapigo 83 kwa sekunde, na ndani ya gari hewa huitikia vizuri sana masafa ya karibu na hapo. Vioo vinatetemeka, mazungumzo yanakatika, na unashuka umechoka.

Dawa si lazima iwe kurudisha sailensa ya kiwandani. Kuna sailensa ya kupita moja kwa moja, yaani bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya glasi. Hiyo humeza ukali na kuacha uzito. Kuna ya vyumba, ambayo hugonganisha mawimbi ya sauti ndani yake. Ina tabia zaidi, na ndiyo huvuma zaidi ikichaguliwa vibaya. Kisha kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote: bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye umbo la J. Sauti huingia, hugonga ukuta, hurudi ikiwa imepishana na ile inayokuja, na zote mbili hufifia. Urefu wake ni robo ya wimbi. Kwa mapigo 83 na moshi wa moto, inakuja kati ya mita moja na robo na mita moja na nusu. Fundi anayejua atakuuliza gari linavuma kwenye mizunguko mingapi kabla hajashika msumeno. Asipouliza, anakisia.

Na kama maumivu ya kichwa yanakuja hata gari likiwa limesimama linanguruma, acha habari ya sauti. Kagua viungo, fleksi na gasketi zote. Moshi wa kaboni monoksidi hauna harufu, na bomba linaloishia chini ya buti badala ya kutokeza nje huuingiza ndani.

Sailensa mpya imeoza, na haijakaa sana. Niliuziwa feki?

Huenda, lakini Pwani hata nzuri huliwa. Hewa ya Diani ina chumvi, hilo kila mtu analijua. Wasichojua wengi ni kwamba sailensa huoza pia kutoka ndani. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji. Safari ndefu huyakausha. Ukitoka nyumbani Ukunda hadi hotelini na kurudi, ekzosi haipati moto wa kutosha, na maji hulala kwenye sailensa pamoja na asidi ya moshi. Ndiyo maana sailensa nyingi za kiwandani zina tundu dogo chini. Nimeletewa nyingi tundu hilo likiwa limechomelewa kwa sababu mwenye gari aliona linadondosha maji akadhani ni kasoro.

Kwa huku, nunua stenlesi. Daraja la 304 lina kromiamu karibu asilimia 18, na 409 karibu asilimia 11. Nenda dukani na sumaku: 304 haivuti, au inavuta kidogo sana. 409 inavuta, na chuma cha kawaida nacho kinavuta, kwa hiyo sumaku ikinata usikubali kuambiwa hiyo ni 304. Kisha simama karibu fundi anapochomelea. Bomba la 304 likiungwa kwa fimbo ya chuma cha kawaida, kiungo ndicho kitakachotangulia kutu. Itumike 308L, au 309L pale stenlesi inapokutana na chuma. Ukiosha chini ya gari, tumia maji baridi ya kweli. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuipaka tena.

Mnunuzi wa masega, yale ya katalitiki ya kusafisha moshi, ananipa pesa nzuri. Nitoe?

Anakupa pesa kwa sababu ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Hakufanyii hisani. Ukitoa, sauti inakuwa ya kupasuka, moshi unanuka, na taa ya injini huwaka kwa sababu sensa ya pili ya oksijeni imeona mabadiliko. Yakiziba kweli, badilisha.

Je, kuhusu sheria?

Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili na dakika moja. Karibu na hospitali na nyumba za ibada ni 40 hata mchana. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama kelele maradufu. Ukipita hospitali ya Msambweni usiku, ondoa mguu kwenye mafuta.

Bomba la inchi tatu litaongeza nguvu?

Kwenye turbo, baada ya turbo, linasaidia. Kwenye injini ya lita 2 isiyo na turbo moshi hupoteza kasi, na utauona upungufu ukipanda Kwale kutoka Kombani. Inchi mbili na robo zinatosha. Siku ya kuchomelea, hakikisha waya za betri zimetolewa ili kompyuta ya gari isiungue, na ondoka na sailensa yako ya zamani.