Duka kwenye intaneti: kwanza ulizeni mteja wa Golf atalipa namna gani

Vyama vingi vya wakulima wa upande wa Kipushi na Kasenga vinatuuliza swali moja: tufungue duka kwenye intaneti, na tulifungue wapi? Sababu inaeleweka. Katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, wako watu wenye mshahara na simu nzuri ambao hawana muda wa kwenda soko la Kenya kutafuta asali, uyoga ao vinkubala. Wachuuzi wanalijua hilo. Wananunua kwetu kwa bei ya chini, wanapeleka Golf, faida inabaki kwao.

Kuna maduka ya kupanga. Hamnunui mitambo, munapanga nafasi kama vile mama anavyopanga meza sokoni, na mwenye soko anatunza paa. Linalojulikana sana ni Shopify ya Kanada, iliyoanza 2006. Picha zinapendeza, na kijana anayejua kompyuta analipanga kwa siku mbili. Lakini tusianze na picha, tuanze na hesabu.

Mwaka 2023 Shopify ilipandisha bei ya mpango wake wa Basic, kwa anayelipa mwezi kwa mwezi huko Marekani, kutoka dola 29 hadi 39. Tuchukue hiyo 39. Tuseme chupa ya asali munaiuza dola 6, na baada ya kutoa pesa ya mfugaji, chupa na usafiri, inabaki dola 1.50. Shopify ina njia yake ya kupokea pesa, lakini Kongo haimo katika nchi zake. Mutapitia kampuni nyingine ya malipo, na hapo Basic inakata 2% ya bei, mbali na kile kampuni ile inachokata yenyewe. Kwa dola 6 ni senti 12. Inabaki 1.38. Gawanyeni 39 kwa 1.38: ni chupa 29 kila mwezi kabla chama hakijapata hata franka moja. Kikundi kinachouza chupa 40 kinabaki na dola 16. Kinachouza 20 kinatoa pesa mfukoni ili duka libaki wazi. Na uyoga ni wa mvua tu, lakini kodi inalipwa hata mwezi wa nane.

Mteja akilipa mkononi, ile 2% haikatwi. Ila tunajua mambo ya Golf: mwenye moto anafika na mzigo, mama mwenye nyumba ametoka, mlinzi hana pesa. Afadhali mteja atume kwanza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, hata nusu.

Halafu, kodi ya dola 39 inalipwa na kadi ya nani? Kikundi kimoja tulichokisaidia kilitumia kadi ya kijana wao. Alipopata kazi Kolwezi, kadi na neno la siri vikaenda naye. Duka likafungwa, na namba za wateja zikapotea pamoja nalo. Shopify inaruhusu kutoa orodha ya wateja, bidhaa na komandi kama faili, lakini hakuna aliyekuwa ameitoa. Sisi pia hatukuwaambia, na hilo ni kosa letu.

Wengine watawaambia WooCommerce ni bure. Programu ni bure kweli, lakini mutapanga mahali pa kuiweka na kumlipa mtu wa kuitunza. Kwa chama kisicho na mtu huyo, hatuipendekezi.

Kwa wengi wenu tunaona WhatsApp Business inatosha kwanza. Haina kodi, na katalogi yake inabeba bidhaa 500, wakati nyinyi muna sita ao saba. Mteja anaandika, «Asali iko? Bei ngapi? Munaweza kuleta leo?» na mtu anamjibu. Udhaifu wake ni kwamba haipokei malipo hapa kwetu, na haihesabu kitu. Kwa hiyo muwe na daftari: jina, namba, alichonunua, alivyolipa, na alama ya nyumba, maana adresi ya «ukuta mweupe nyuma ya duka la dawa» ndiyo itakayomfikisha mwenye moto.

Simu hiyo iwe ya chama. Neno la siri lijulikane na watu wawili, mwekahazina akiwa mmoja wao. Kwa pesa, nendeni na hati za chama kwa kampuni ya simu, ulizeni akaunti ya mfanyabiashara kwa jina la chama, pesa ya asali isiingie kwenye namba ya mtu binafsi.

Fanyeni hivyo miezi mitatu. Katika daftari andikeni pia komandi mulizozikosa, kwa kuchelewa kujibu ao kwa kusahau. Zikipita kumi kwa mwezi, tuiteni, tuje na kalamu tupige tena hesabu ya kodi pamoja.