Mafunzo Niliyopata: Kuugua Ugenini, Kuuguza Kinyangiri

Nimezaliwa Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, ingawa wazee wetu wakiulizwa kwao bado hujibu Iramba, kwa sababu Mkalama ilizaliwa mwaka 2012 tu. Korona ilinikuta Uingereza, mji wa Reading, ambako Watanzania si wachache na wengi wetu tunaishi kwa kazi ya kutunza wazee. Mama alikuwa Kinyangiri, umri umepita miaka 70, na presha juu yake. Ikabidi nijue nitatibiwa wapi nikiugua katika nchi ya watu, na nijue Mama atatibiwa wapi akiugua katika nchi yangu nisiyoweza kuifikia. Upande mmoja habari zilifurika. Upande wa pili zilikatika. Ninawaandikia wenzangu wanaoishi hivyo, maana mlipuko mwingine utakuja.

1. Daktari hutafutwa ukiwa mzima

Uingereza mgonjwa haendi tu hospitali akapanga foleni. Anaanzia kwa daktari wa familia, wanayemwita GP, ambaye lazima uwe umejiandikisha kwake, au anapiga 111. Namba 999 ni kwa anayepigania roho. Wageni wengi niliowajua walikuwa hawajajiandikisha popote. Wengine walikuwa na afya njema na hawakuona haja. Wengine karatasi zao hazikukaa sawa, wakaogopa kuulizwa maswali. Kumbe utaratibu wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, haumlazimishi mtu kuonyesha pasipoti wala uthibitisho wa anapoishi ili aandikishwe kwa GP. Na tangu tarehe 29 Januari 2020 korona iliingizwa kwenye orodha ya magonjwa ambayo mgeni yeyote hutibiwa bure. Hawakujua. Inaniuma hadi leo kwamba watu waliugulia chumbani huku daktari yuko mtaa wa pili na hataki hata senti.

Nikaigeukia Kinyangiri kwa macho yale yale. Kijijini kuna kituo cha afya. Kikizidiwa kuna hospitali ya Walutheri ya Iambi, humo humo Mkalama. Kuna Kiomboi kwa majirani zetu. Kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Singida mjini. Na kwa anayeweza safari kuna Haydom, upande wa Mbulu, iliyojengwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Orodha hiyo kila mtu wa kwetu anaijua. Nilichomwomba mdogo wangu ni kuuliza yale yasiyoandikwa: mtungi wa oksijeni uko wapi na umejaa? Nani ana gari linaloweza kuondoka usiku wa manane? Mvua ikinyesha, njia ipi inapitika? Tukalipia na kadi ya bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, wakati huo shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kwa familia ya mkulima wa alizeti hiyo si pesa ndogo, lakini ni ndogo kuliko kuuza mbuzi alfajiri kwa bei ya kutupa.

2. Andika ugonjwa wako kabla hujapiga simu

Nilipoanza kukohoa, niliandika kwenye karatasi siku homa ilipoanza, dawa ninazotumia, na maneno ya Kiingereza ya kusema kwamba kifua kinabana na kwamba nikipanda ngazi natweta. Kiingereza cha kazini ni kimoja, cha mtu anayehema ni kingine. Na asiyekijua ana haki ya kuomba mkalimani bila kulipa. Omba, usimtumie mwanao wa darasa la tano kumtafsiria daktari.

3. Kila habari iulizwe: nifanye nini, niende wapi?

Kila jioni waziri wa Uingereza alisimama mbele ya kamera, wataalamu pembeni yake, idadi ya waliokufa ikasomwa. Nilitazama kama kila mtu. Baadaye nikaona namba zile zinanikosesha usingizi bila kunielekeza kokote. Habari zilizonifaa zilikuwa nyingine kabisa. Kwamba oksijeni ya damu ikisomeka 92 au chini ya hapo kwenye kile kipimo cha kubana kidoleni, mtu aende hospitali hata kama anaongea na kucheka. Kwamba sisi weusi na Waasia tulikuwa tunakufa zaidi ya wenyeji, jambo lililothibitishwa na ripoti ya Public Health England ya Juni 2020. Sisi tulikuwa tumeshaliona: miongoni mwa madaktari wa kwanza kufa, Machi ile, alikuwamo Adil El Tayar, bingwa wa kupandikiza figo aliyetoka Sudan. Habari ile ilinipa la kufanya. Nilikwenda kwa msimamizi wangu kudai barakoa na aproni kabla ya kuingia chumba cha mgonjwa, na sikuona haya.

Nyumbani mambo yalikwenda kinyume. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake serikali ikafunga shule. Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Juni Rais Magufuli akatangaza kwamba maombi yameuondoa ugonjwa. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umeonya kuwa hospitali za Dar es Salaam zimeelemewa, na Julai Kwanza Online TV ikafungiwa miezi 11 kwa kusambaza onyo la ubalozi huo kuhusu korona. Wahariri wengine walielewa somo. Nasema bila kuzunguka: kuficha namba kuliwaumiza watu. Muuguzi asiyejua ugonjwa umefika wapi hawezi kujikinga, na mzee wa kijijini hana sababu ya kukaa mbali na msiba uliojaa watu.

Ila hata onyo lile la ubalozi halikunisaidia kwa Mama. Kilichopo Dar es Salaam hakikuniambia kilichopo Kinyangiri.

4. Uliza walioko

Basi nikawa nawapigia watu. Mhudumu wa afya niliyesoma naye. Dereva anayepeleka abiria Singida. Katekista. Sikuwauliza wanaonaje kuhusu korona, kwa sababu swali hilo lilikuwa limeshageuka la siasa na mtu angejibu kwa tahadhari. Niliuliza misiba ni mingapi wiki hii, marehemu walikuwa na umri gani, walianza kuumwa vipi. Mwanzoni mwa 2021 majibu yalibadilika: mzee fulani amepata changamoto ya upumuaji, mwalimu mstaafu vilevile, na mke wake wiki iliyofuata. Januari hiyo maaskofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, waliwaonya waumini kwamba maambukizi yamerudi. Tarehe 17 Februari tukawapoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba anaugua korona, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, siku moja. Kwetu lililotamkwa madhabahuni lilifika mbali kuliko lolote nililoweza kutuma kwa simu. Anayetaka kuokoa watu vijijini na aanze na waliokwisha kuaminiwa.

5. Anayejifukiza usimcheke

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ndilo ninalolithamini.

Mama alijifukiza. Majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao, sufuria la maji yanayochemka, blanketi juu. Nchi nzima ilijifukiza, na waliosema hadharani kwamba mvuke unaua kirusi walikuwa watu wakubwa. Wenzetu wa nje walirushiana video za nyungu wakicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu Mama aliniambia neno ambalo halijibiki kwa kicheko: "Mwanangu, huko kwenu hospitali mnazo, mashine mnazo, na mnazikana kila siku. Sisi hapa tuna chungu na Mungu. Sasa unataka niache kipi?"

Alikuwa anasema kweli kuhusu alichonacho. Mtu huwezi kumnyang'anya tiba pekee iliyo mkononi mwake halafu umwachie hofu. Nikamjibu kwa heshima kwamba mvuke unaweza kumfungulia pua, na kama anapata nafuu aendelee, lakini hauui kirusi kilicho mapafuni. Nikamwomba mambo manne. Sufuria likae chini mahali pa salama, mbali na wajukuu, kwani maji ya moto yameunguza watu. Vidonge vya presha asiviache hata siku moja. Asikae ndani ya blanketi akiwa peke yake nyumbani. Na la nne nililirudia kila simu: siku utakaposhindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, au ukaanza kuchanganya majina ya watoto, nyungu iishie hapo, mnapanda gari.

Akasema, "Hilo sawa." Mama yangu akisema sawa, imetoka hiyo.

Waliowadhihaki wazazi wao walikuwa na hoja sahihi, ila hakuna aliyebaki kuwasikiliza. Hilo nimelishuhudia kwenye nyumba zaidi ya moja, na kwenye moja tulizika.

6. Habari njema nayo huua ikikatwa nusu

Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Nilifurahi kwa sababu hii ilikuwa dawa ambayo hata kwetu inajulikana. Haikuchukua muda ujumbe ukaanza kuzunguka: dawa ya korona imepatikana, ipo duka la dawa, wahi. Nusu ya pili ya habari ilikuwa imekatwa, nayo ndiyo yenye uhai wa watu. Asiyehitaji oksijeni haimsaidii, na huenda ikamdhuru. Mwenye kisukari inaweza kumpandishia sukari vibaya.

Nikarekodi sauti kwa Kinyiramba, fupi, isiyo na neno la kitabibu: dawa hii ni ya aliyelazwa na kuwekewa oksijeni, siyo ya mwenye kikohozi, na anayeitoa ni daktari. Nilimtumia mdogo wangu, naye akaipeleka kwenye kundi la kwaya. Ilifika kwa watu nisiowajua. Ninaamini ilifika kwa sababu ilikuwa sauti ya mtu wa kwao, kwa lugha ya nyumbani, na haikumtisha mtu.

7. Mpango uweze kwenda bila wewe

Tarehe 22 Januari 2021 Uingereza iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawaruhusiwi kuingia. Wakazi kama mimi tungeweza kurudi, lakini kuanzia Februari ilikuwa ni kujifungia hotelini siku 10 kwa pauni 1,750. Mfanyakazi wa kutunza wazee hana pesa hiyo.

Mama aliugua majira hayo hayo. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kushika simu. Lakini nauli ilikuwa imewekwa kwenye simu ya mdogo wangu tangu zamani kwa ajili ya safari hiyo tu; mwenye gari alikuwa anajua zamu yake; na mkwe wetu alijua kipimo cha kidoleni kinasomwaje. Sentensi ya Mama ilipokatika, hakuna aliyenipigia kuomba ruhusa. Walimpeleka kwanza, wakanipigia wakiwa njiani. Aliwekewa oksijeni, akarudi nyumbani amekonda, akiulizia kuku wake.

Tulio nje tunapenda kuwa wasemaji wa mwisho kwa sababu tunatuma pesa. Kwenye ugonjwa wa kupumua, kumsubiri msemaji aliye Ulaya kunaweza kumgharimu mgonjwa roho.

8. Chanjo husemewa na aliyechanjwa

Uingereza ilianza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020, na sisi wa nyumba za wazee tulikuwa mstari wa mbele. Mwezi uliofuata, akiwa Chato, Rais Magufuli alizitilia shaka chanjo za kigeni. Baada ya kifo chake, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Chanjo ilikuwa Janssen, ya dozi moja, zaidi ya dozi milioni 1 zilizoletwa kupitia mpango wa kimataifa wa chanjo wa COVAX.

Mama hakuniuliza juu ya COVAX. Aliuliza, "Wewe walikuchoma? Ulisikiaje?" Nikamwambia mkono uliuma, usiku nikapata homa, kesho yake jioni nilikuwa mzima. Nikamwambia pia kwamba kuna watu wachache sana waliopata damu kuganda baada ya Janssen, na kwamba kwa umri wake na presha yake korona ni hatari kubwa zaidi. Akasema atasubiri aone mchungaji akichanjwa. Sikumharakisha. Mchungaji alichanjwa, na Mama akafuata.

Ndugu yangu uliye nje, mzazi wako akikuuliza habari ya afya, usimtumie video. Mpigie, mweleze lililokupata wewe, sema na lile usilopenda kulisema, kisha mwache aulize mpaka maswali yamwishe. Na ukishindwa kumjibu, mwambie apige 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya, ambako atajibiwa kwa Kiswahili.